Zipu imegoma, harusi ni wiki tisa zijazo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam, nina miaka 28. Naolewa baada ya wiki tisa. Kamati imeshakaa mara tano, ukumbi umelipiwa nusu, sendoff ni wiki mbili kabla ya harusi. Kila kitu kinakwenda, isipokuwa mimi.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mchumba wangu, anafanya biashara ya nguo. Alipokwenda Istanbul kuchukua mzigo alirudi na shela, zawadi yake kwangu. Vipimo hakuniuliza. Alikadiria kwa picha za siku niliyovalishwa pete, na huo ni mwaka juzi, sasa nimeongezeka. Siku aliyolileta sebule ilijaa ndugu wa pande zote mbili. Nikaingia chumbani na matroni wangu kulijaribu. Zipu ikapanda hadi kiunoni, ikagoma. Nikabana pumzi, nikalala kifudifudi kitandani, matroni akavuta kwa mikono miwili, bado ikabaki nafasi ya vidole vinne. Nikatoka nimejitanda kanga mgongoni, nikawaambia limenikaa. Wakapiga vigelegele. Wifi alitokwa machozi.

Wiki sita zimepita tangu siku ile. Nilikuwa na kilo 84, sasa nina 78, urefu wangu sentimita 160. Asubuhi nakunywa chai ya rangi bila sukari na yai moja la kuchemsha. Mchana tango na chungwa. Usiku supu ya kabichi na kipande cha kuku. Nina programu ya simu ya kuhesabu kalori, nimeiwekea zisizidi 700 kwa siku, zikizidi inaandika kwa rangi nyekundu. Pia kuna dada kwenye kundi letu la WhatsApp anauza chai ya kusafisha tumbo, nakunywa kila usiku na inaniendesha kweli kweli. Nataka nifike kilo 63, ndizo nilizokuwa nazo nikiwa chuo.

Wiki ya kwanza nilipungua kilo tatu, nikafurahi. Sasa ni wiki ya pili mzani umeganda. Jumanne iliyopita nilikuwa naandika ubaoni Darasa la Tatu, giza likanijia, wanafunzi wakaniletea kiti. Siku zangu sijaziona mwezi wa pili huu. Mchumba anasema nimekuwa na hasira kama mtu aliyedhulumiwa. Mama ndiyo kabisa, anasema nikikonda zaidi watu ukumbini watajiuliza naumwa nini.

Aibu yangu ni hii. Jumapili usiku wote wamelala, niliingia jikoni kunywa maji. Sufuria ya wali wa nazi ilikuwa imelowekwa nusu. Nilisimama gizani nikabandua ukoko kwa kijiko, ule mkavu na ule uliokwisha lowa, nikaumaliza wote. Halafu nikalia. Asubuhi sikula kitu mpaka saa kumi jioni ili kufidia.

Naomba uniambie, nishuke hadi kalori ngapi ili nifike 63? Nikishuka hadi 500? Na huu ulafi wa usiku niudhibiti vipi?

Mwalimu mwenye njaa, Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa mezani, nikajikuta nimesukuma sahani pembeni kwa haya. Nitakujibu kwa hesabu, maana mwalimu hapendi kuambiwa tu. Ila kuna mambo mawili hayasubiri hesabu.

La kwanza, nenda hospitali wiki hii. Aliyeona giza akiwa amesimama na akakosa siku zake miezi miwili hajitibu kwa safu ya ushauri. Kapimwe wingi wa damu, presha na sukari, na uwaeleze unachokula bila kupunguza neno. Kapime na mimba. Usinikunjie uso, una miaka 28 na mchumba unaye. Kama si mimba, njaa peke yake inaweza kuzisimamisha siku. Mwili ukiona chakula ni haba hufunga kwanza yale usiyohitaji ili ufike kesho, na kuandaa mtoto ni mojawapo.

La pili, hiyo chai imwage leo. Nyingi za aina hiyo zina majani ya senna, ambayo ni dawa ya kuharisha. Inachotoa ni maji na chumvichumvi za mwili, potasiamu ikiwemo, na potasiamu ikishuka sana moyo hupoteza mpangilio wa mapigo yake. Mafuta ya mwilini hayapitii chooni. Na hapo naomba iwe senna tu. Kuna dawa inaitwa sibutramini, Ulaya na Marekani ziliiondoa sokoni mwaka 2010 kwa sababu ya kiharusi na mshtuko wa moyo, na tangu hapo imekuwa ikikutwa imechanganywa kimyakimya kwenye vidonge na chai za kupunguza mwili. Hapa kwetu TMDA ndiyo inayosajili dawa. Muulize huyo dada wa WhatsApp namba ya usajili, halafu uhesabu dakika atakazochukua kukutoa kwenye kundi.

Sasa hesabu.

Kalori ni kipimo cha moto. Kalori moja ya kwenye simu yako ni moto wa kupandisha joto la lita moja ya maji kwa digrii moja. Chukua ndoo ya lita 20, maji ya bomba ya Dar yenye digrii kama 25, uyafikishe kuchemka. Umepandisha digrii 75, mara lita 20, jumla kalori 1,500. Mtu wa umri wako, urefu wako na uzito wako, akilala tu kutwa nzima bila kuinua hata chaki, mwili wake hutumia karibu hizo hizo: moyo, ubongo, mapafu, ini, joto la damu. Ongeza kusimama darasani, daladala, kufua, unafika kama 2,050. Wewe unaupa mwili 700, nusu ya moto wa hiyo ndoo haijafika, halafu unashangaa kuona giza ubaoni.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Unataka kilo 15 ziondoke. Hizo ni kalori 115,500. Una siku 63. Gawanya: zaidi ya 1,800 kila siku. Ukitoa kwenye 2,050 zinabaki kama 220 za kula. Hilo ni andazi moja na chai ya maziwa, kwa wiki tisa, ukiwa unafundisha. Kwa hiyo swali lako la 500 lina jibu: hata hizo 500 hazikufikishi 63. Lengo lenyewe ndilo lilikosewa. Na chini ya kalori 800 ni matibabu ya hospitali, daktari akikufuatilia kwa vipimo; si kitu cha kujiwekea kwenye simu ukiwa kwenye kiti cha daladala.

Zile kilo tatu za wiki ya kwanza nazo zisikusumbue akili. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, kama nusu kilo hivi, na kila gramu yake hushika gramu kama tatu za maji. Ukibana chakula akiba inaisha, maji yanafuata, mzani unaruka kwa furaha. Ukila wali mara moja yanarudi. Ndiyo maana mzani wako sasa umeganda: ulipokuwa unakimbia, sehemu kubwa ilikuwa maji.

Sikudanganyi lakini. Ukiendelea kujinyima hivi utapungua zaidi ya nitakavyokupa mimi. Tatizo ni kinachopungua. Misuli itakwenda pamoja na mafuta, uso utaingia ndani, na nyongo inaweza kutengeneza mawe, maana kupungua kwa kasi ni njia mojawapo ya kuyapata. Halafu kuna nywele. Nywele hulipa deni kwa kuchelewa: mwili ukipata msukosuko wa njaa leo, nywele huanza kudondoka miezi miwili mitatu baadaye. Wewe ulianza wiki sita zilizopita. Piga hesabu mwenyewe uone deni linaangukia wapi. Atakayekuambia wa kwanza ni msusi, ukiwa kwenye kiti chake asubuhi ya sendoff.

Sasa njoo kwenye ukoko, maana hapo ndipo uliponigusa.

Mwaka 1944 huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wazima wa afya, wote waliojitolea. Baada ya muda wa kuwalisha vizuri na kuwapima, aliwapa kalori kama 1,570 kwa siku kwa muda wa miezi sita. Alitaka kujua njaa inamfanyia nini mtu, kwa sababu Ulaya ilikuwa vitani na watu wanakufa njaa. Vijana wale, waliokuwa wapole, wakawa wakali kwa jambo dogo. Wakaona baridi muda wote. Wakaanza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kulamba sahani. Ni kweli wale walikuwa wanaume, mahitaji yao ni makubwa kuliko yako, na walikuwa wanatembezwa kilomita 35 kwa wiki. Lakini wewe unakula chini ya nusu yao na unaharishwa juu yake. Ukisimama gizani ukabandua ukoko, huo si ulafi. Ni mwili uliokosa pa kushtaki ukaamua kujichukulia. Na hasira anayoisema mchumba wako imo kwenye daftari lile lile la Minnesota.

Dawa ya ukoko wa saa sita usiku ni sahani ya saa moja jioni. Na ukiteleza ukala, asubuhi unakula kama kawaida. Ule mfungo wa kufidia ndio unaopanga tukio la usiku unaofuata.

Kipimo chako, kama daktari hataona shida nyingine, kiwe kalori kati ya 1,500 na 1,600. Unapunguza kama 500 kwa siku, na kwa siku 63 hizo ni kilo nne hivi. Umesikia vizuri, nne. Unaweza kuona wiki ya kwanza mzani unapanda kidogo, ni yale maji yanarudi nyumbani. Usiogope.

Nne zinapatikana bila tango. Asubuhi chai ya maziwa kijiko kimoja cha sukari, mayai mawili ya kuchemsha, na kipande cha kiazi kitamu cha ukubwa wa kiganja. Mchana wali maharage wa shuleni kula, ila wali uwe nusu ya unaopakuliwa na wenzako, maharage yasipungue, mchicha ujaze nafasi iliyobaki. Usiku ugali wa ukubwa wa ngumi yako, samaki wa kuchoma au mchuzi wa dagaa, mboga za majani nyingi, papai baadaye. Mayai, maharage, samaki na dagaa usiviguse kwa kuvipunguza, ndivyo vinavyolinda misuli na kukaa tumboni muda mrefu.

Wanaokonda hapa mjini huwa wanapigana na ugali, ilhali adui yuko kwenye dumu. Gramu ya wanga ina kalori 4, gramu ya mafuta ina 9. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 120. Mchicha wenyewe hauna kitu, gramu mia hazifiki 30, lakini mama akishainamisha dumu juu ya sufuria kwa jicho tu, vijiko vitatu vimekwenda na mchicha wako umeingiza 360 kabla hujaonja. Kwa wiki hizi tisa mafuta yapimwe kwa kijiko. Tui zito liwe la Jumapili. Chapati usile kila siku, kwa sababu hiyo hiyo ya mafuta. Na vikao vya kamati, soda moja ya chupa ni kama kalori 150 za sukari tupu, na najua wanavyogawa soda na bagia kama posho. Kunywa maji, waache wao wanywe michango yenu.

Tembea. Shuka vituo viwili kabla. Hiyo programu ya simu, kama ile rangi nyekundu inakutia kiwewe, ifute na utumie kijiko na ngumi. Mzani panda mara moja kwa wiki, siku moja ile ile, asubuhi kabla ya chai.

Nimemaliza chakula. Ninachokiona kwenye barua yako zaidi ya chakula ni uongo mmoja mdogo uliousema sebuleni siku ile, "limenikaa", ambao umekugharimu wiki sita. Tatizo lako si kilo 15, ni vidole vinne. Vidole vinne ni sentimita saba au nane za mgongo, na fundi mzuri wa magauni ya harusi haoni hata hiyo ni kazi. Anatoa zipu yote, anashona vitanzi pande zote mbili, anapitisha utepe wa kufunga kwa kukaza, na nyuma yake anaweka kipande cha kitambaa ili ngozi isionekane. Kitambaa cha rangi ile ile anakipata kwenye mkia wa gauni lenyewe, akikata kidogo hakuna atakayejua. Uzuri wake ni kwamba ukipungua kilo nne utepe unakazwa, ukipungua mbili unalegezwa, na baada ya pilau unalegezwa tena.

Shida yako ni wifi, siyo fundi. Alilia kwa furaha, na gauni ni la hela yake, kwa hiyo mkasi usipite kabla hajajua. Usimpigie simu, na usimwandikie ujumbe. Nenda kwake na matroni, au mtangulize mama yako mdogo kama ndiye anayeongea naye vizuri. Mwambie hivi: "Wifi, gauni nimelipenda mpaka siku ile nikashindwa kukwambia kuwa mgongoni limenibana. Fundi amesema anaweza kuliwekea utepe. Nimeona nisilitie mkasi zawadi yako bila kukuuliza." Mfanyabiashara wa nguo ana hesabu za saizi kichwani kuliko mimi na wewe. Kuna uwezekano mkubwa atakupeleka kwa fundi wake mwenyewe, na atakugombeza kidogo kwa kumficha. Gombezwa.

Mchumba naye mwambie. Anaishi na hasira zako bila kujua zinatoka kwenye zipu ya dada yake.

Mimi niliolewa Tanga mwaka 1984, miaka ya foleni za sukari na sabuni. Niliwekwa ndani, nikasingwa kwa liwa, na somo yangu alihangaika kutafuta maziwa ninone, maana kwao mwali aliyetoka ndani na mbavu zinahesabika ni aibu ya ukoo. Sikunona. Gauni la kuazima likawa kubwa, likabanwa mgongoni kwa pini kumi na moja, mojawapo ikanichoma wakati wa kukata keki. Kwenye picha naonekana nimetabasamu sana. Mama yako anatoka katika watu hao, msikilize hata kama hukubali lugha yake. Anapokuambia unaonekana mgonjwa, safari hii hajakosea sana.

Kwa fundi nenda mwezi huu, usingoje. Jaribio la mwisho liwe wiki moja kabla ya harusi. Na uende na viatu utakavyovaa siku yenyewe, kwa sababu pindo hupimwa kwa kisigino, na nimeshaona bibi harusi aliyelipimisha gauni akiwa na kandambili.

Shangazi